Panya Wasiopuliza: Uhakiki wa Riwaya ya The Rats

Kila aliyekulia katika nyumba yenye dari ya mbao au ghala la mahindi uani anajua kwamba panya huuma na kupuliza. Humng'ata mtu unyayo akiwa usingizini, kisha hupuliza pale alipong'ata ili ganzi iingie, naye aliyeumwa hatambui lolote hadi asubuhi anapokanyaga sakafu na kuona ngozi ya kisigino imeliwa. Wataalamu wa wanyama wanaweza kubisha, lakini lugha yetu imekwisha kuamua, na hadi leo mtu anayekudhuru huku akikubembeleza husemwa kwamba anauma na kupuliza. Niliikumbuka kauli hii mara nyingi nilipokuwa nikiisoma The Rats, riwaya ya kwanza ya Mwingereza James Herbert, iliyotolewa mwaka 1974 na kampuni ya New English Library ya London. Panya wa riwaya hii ni weusi, wakubwa kama mbwa, huenda kwa makundi, na hawana haja ya kumpuliza mtu. Anayepuliza ni mwandishi.

Nakala yangu niliipata Dar es Salaam, kwa muuzaji wa vitabu vya mtumba anayevitandaza juu ya turubai kando ya barabara katikati ya mji. Ilikuwa chini ya rundo la vitabu vya kiada na vile vya kumfundisha mtu namna ya kutajirika, jalada limeshikizwa kwa selotepu, na kurasa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilipouliza bei, muuzaji alikigeuzageuza kile kitabu, akacheka. "Kaka, hicho cha panya kina mwaka hapa na hakuna anayekigusa. Nipe elfu tatu." Kwa shilingi 3,000 nilipata kitabu kisichofika kurasa 200, chenye herufi ndogo zinazosomeka bila taabu, na Kiingereza ambacho aliyemaliza kidato cha nne vizuri atakifuata bila kamusi. Udogo huo na urahisi huo si kasoro. Vitabu vya namna hii vilitengenezwa ili vikae mfukoni mwa koti, vinunuliwe pamoja na gazeti na sigara, visomwe ndani ya treni na kuachwa kwenye kiti, na toleo la kwanza la hiki, ambalo husemwa kuwa lilikuwa la nakala 100,000, lilikwisha madukani kwa muda wa wiki tatu hivi.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kueleza. Katika mitaa ya mashariki ya London, karibu na mfereji na majengo yaliyoachwa, watu wanaanza kuliwa. Wa kwanza ni walevi wasio na makazi, ambao hakuna anayewaulizia. Kisha mtoto mchanga. Kisha abiria, wanafunzi, na watu waliokwenda kutazama sinema. Anayeponea kwenye kundi hafiki mbali, kwa kuwa kila aliyeng'atwa hufa ndani ya saa 24 kwa ugonjwa ulio katika meno ya panya hao. Mwalimu wa sanaa aitwaye Harris, mzaliwa wa mitaa hiyohiyo, anajikuta akishirikiana na maofisa wa serikali kutafuta chanzo cha balaa, na serikali inajaribu dawa moja baada ya nyingine hadi inapolazimika kuwahamisha watu wa jiji zima. Mwisho wake nitauacha, ingawa msomaji mzoefu ataunusa mapema.

Ubora wa kitabu hauko katika mlolongo huo, ambao mtu yeyote angeweza kuubuni kwa siku moja. Uko katika jinsi Herbert anavyowaandaa wale watakaokufa. Sura ya kwanza inamhusu mtu mmoja, Henry Guilfoyle, na kwa kurasa kadhaa panya hatajwi kabisa. Tunaelezwa kwamba alikuwa mwajiriwa wa heshima katika kampuni, kwamba alimpenda kijana mmoja wa kazini kwake, kwamba siri ikavuja na wenzake wakaigeuza kicheko, kwamba akaacha kazi na kuanza kunywa, akaporomoka hatua kwa hatua hadi kuwa mtu wa kulala katika nyumba chakavu akiwa amekumbatia chupa. Haya yanasimuliwa kwa upole usiotarajiwa katika kitabu chenye jalada la namna ile, na msomaji anaanza kudhani kwamba Guilfoyle ndiye mhusika mkuu, kwamba pengine ataacha pombe, pengine atampata mtu wa kumsikiliza. Kufikia hapo ganzi imekwisha kuingia. Ndipo meno yanapofika, na baada ya kurasa mbili hakuna tena Guilfoyle, wala hatatajwa kwa huzuni na mhusika yeyote, kwa sababu hakuna anayejua kwamba aliwahi kuwa na maisha. Tunaojua ni sisi tu tuliosoma.

Mbinu hiyo inarudiwa tena na tena, nami sikuichoka. Herbert anamchukua mtu ambaye katika riwaya nyingine angekuwa maiti ya kuhesabiwa tu, anampa utoto, dhambi, deni na tamaa, kisha anamtoa. Kwa mwanamke mmoja miongoni mwa walevi wanaolala katika uwanja wa kanisa lililobomolewa na mabomu ya vita, anatumia nafasi kubwa kuliko anayompa mchumba wa Harris katika nusu ya kitabu. Katika kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Shadwell, abiria wachache wanasubiri, kila mmoja na lake kichwani, na tunapitishwa katika mawazo yao madogomadogo ya kila siku kabla ya kitu kutokea gizani kwenye reli. Baadaye treni inasimama ndani ya handaki, kati ya kituo na kituo, na taharuki ya wale waliomo ndani ya mabehewa ni miongoni mwa kurasa bora za kitabu. Mtu yeyote aliyewahi kukwama ndani ya daladala iliyojaa, mlango umezibwa na watu na dirisha halifunguki, ataelewa kwa nini.

Kuna sura moja ambayo ni lazima niitahadharishe. Mama anatoka kwa muda mfupi kwenda kwa jirani, akimwacha mtoto wake mchanga ndani pamoja na mbwa mdogo. Panya wanaingia. Mbwa, ambaye ni mtoto kama yule anayemlinda, anapigana peke yake, na Herbert anaufuata mpambano huo kwa kumkaribia yule mbwa kiasi kwamba msomaji anasahau kupumua. Niliisoma sura hiyo usiku, umeme ukiwa umekatika, kwa mwanga wa simu. Nilipofika katikati nilisikia panya wa kawaida kabisa akipita darini, ule mwendo wao wa kukimbia, kusimama, kukimbia tena. Nilikifunga kitabu, nikaenda chumba cha pili alikolala binti yangu, nikakuta mguu wake mmoja umetoka nje ya chandarua. Niliurudisha ndani, nikachomeka upya chandarua chini ya godoro pande zote nne, nikakaa pale kitandani kwa muda kabla ya kurudi kumalizia. Sijui kipimo kingine cha riwaya ya kutisha kilicho bora kuliko hicho. Mzazi wa mtoto mchanga anaweza kuiruka sura hiyo na asipoteze uzi wa hadithi.

Ni vyema kueleza hapa kwa nini panya anafaa kwa kazi hii kuliko wanyama wenye sifa kubwa zaidi. Sisi wa Afrika Mashariki tunazo hadithi za kweli za wanyama wala watu, na maarufu kuliko zote ni ile ya simba wawili wa Tsavo, madume wasio na manyoya ya shingoni, waliowasumbua wajenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898 hadi kazi ya daraja ikasimama. Luteni Kanali John Patterson, aliyewaua, alipokuja kuwaandikia kitabu mwaka 1907 alijua vizuri namna ya kumweka msomaji nje ya hema usiku akisikiliza. Baadaye alitaja watu 135 waliouawa, ilhali wanasayansi waliochunguza mabaki ya simba hao, yaliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field huko Chicago, walikadiria watu wapatao 35; hata hesabu, basi, huvimba pale mnyama anapoingia katika simulizi. Lakini simba ana mahali pake, na mtu wa Kariakoo anaweza kuishi miaka 80 bila kumwona. Panya hatafutwi. Anakula unga wako, anazaa ndani ya sofa lako la zamani, anajua saa unayozima taa. Herbert alichofanya ni kumkuza tu yule ambaye tayari yumo ndani.

Naye alikuwa na sababu ya kumjua. Alizaliwa mwaka 1943 katika mitaa hiyohiyo ya mashariki ya London, baba yake akiwa mchuuzi wa matunda sokoni, na nyumba waliyokulia ilikuwa ya aina iliyokwisha kuhukumiwa kubomolewa, ambamo panya walikuwa wapangaji kama wao. Baadaye alisoma sanaa, akafanya kazi katika kampuni ya matangazo, na wazo la riwaya lilimjia, kama alivyosimulia mwenyewe, alipokuwa akitazama filamu ya Dracula ya mwaka 1931, mahali ambapo kichaa Renfield anaeleza juu ya panya kwa maelfu. Ukisoma ukijua hayo, hasira iliyomo kitabuni inaonekana wazi. Panya wamestawi kwa sababu mahame yaliyoachwa na mabomu ya vita hayakujengwa, takataka hazikuzolewa, mfereji ulitelekezwa, na wakubwa hawakuona haraka yoyote ya kujali mpaka panya walipovuka kwenda mitaa yenye watu wanaosikilizwa. Naibu waziri Foskins anatangaza ushindi mapema, anapigiwa makofi, kisha makaburi yanaongezeka. Kitabu kilitoka katika mwaka ulioanza kwa mgao wa umeme Uingereza, viwanda na ofisi nyingi zikiruhusiwa umeme wa siku tatu tu kwa wiki, na msomaji wa huku, ambaye neno mgao halihitaji kufafanuliwa kwake, atajisikia nyumbani kuliko Waingereza wa leo.

Ndiyo maana kasoro kubwa ya kitabu inaniudhi kuliko inavyopaswa. Baada ya kurasa zote hizo za kuwalaumu waliouacha mji uoze, Herbert anatuambia kwamba asili ya panya hao ni mtaalamu mmoja wa wanyama aliyewaleta kwa siri kutoka visiwa vya karibu na Guinea Mpya, vilivyoathiriwa na mionzi ya majaribio ya nyuklia. Kwa maelezo hayo anaipokonya hoja yake meno. Uchafu ni wa London, uzembe ni wa London, lakini uovu wenyewe ni lazima utoke mbali, katika visiwa vya joto ambavyo mhusika hata mmoja hajawahi kuvifikia. Tabia hii ya kutafuta chanzo cha balaa katika nchi za watu wengine ni ya kawaida katika vitabu vya kutisha vya Uingereza na Marekani vya enzi hizo, na msomaji wa upande wetu wa dunia ana haki ya kuguna.

Harris naye ni kapi la muwa. Ni jasiri, ni mwema, anawaelewa wanafunzi wa mitaa ya kimaskini kwa kuwa alikuwa mmoja wao, na baada ya hapo hakuna zaidi. Mchumba wake, Judy, yumo ili apendwe, aogope, na aambiwe aondoke mjini. Inashangaza kwamba mwandishi anayeweza kumfanya mlevi wa kurasa nne awe mtu kamili anashindwa kufanya hivyo kwa watu anaokaa nao kitabu kizima, na nadhani sababu ni kwamba anajua hawa hawafi karibuni, basi haoni haja ya kuwapuliza. Mazungumzo ya vikao vya wizara ni ya mbao. Tendo la ndoa linaelezwa kwa namna ya kijana anayetaka kuonekana mkubwa. Ukatili umezidi mahali kadhaa, na wahakiki wa Uingereza wa wakati ule walimshambulia kwa hilo, ingawa kwangu damu si tatizo kama ule upesi wa kutuacha na maiti kabla hatujamzika.

Kuna jambo jingine alilolifanya vizuri ambalo linahitaji kutajwa. Methali yetu inasema panya wengi hawachimbi shimo, kwa maana kwamba kila mmoja anaparua upande wake na kazi haisongi. Panya wa Herbert wanachimba. Wanasubiri, wanazunguka jengo, wanaziba njia, wanamwachia mmoja wao atangulie. Katika sura ya kushambuliwa shule, walimu wanapowachungulia kutoka juu, kinachotisha si idadi yao bali utulivu wao, wale weusi waliokaa kimya uwanjani kama watu walioitiwa mkutano. Mwandishi haelezi sana akili hiyo inatoka wapi hadi karibu na mwisho, na alifanya vyema kungoja.

Kwa anayetaka kulinganisha kabla ya kutoa fedha yake, jamii hii ya vitabu ni kubwa. Mwaka huohuo wa 1974 Peter Benchley wa Marekani alitoa Jaws, riwaya ya papa mkubwa iliyouzwa kwa mamilioni, ambayo ni ndefu zaidi na yenye adabu zaidi, na inayopoteza muda mwingi kwenye ndoa ya mkuu wa polisi. Benchley alikuja kujutia jinsi watu walivyowachukia papa, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwatetea. Mwaka 1976 Guy N. Smith alitoa Night of the Crabs, kaa wakubwa wanaotoka baharini katika pwani ya Wales kuwala wapiga kambi na askari, na profesa mvuta kiko akiwafuata. Hicho ni kitabu kibaya chenye furaha; kimeandikwa kwa haraka, hakina hata mhusika mmoja wa kumkumbuka, na bado nilicheka kila magando yalipoanza kulia gizani. Cha Shaun Hutson cha mwaka 1982, Slugs, kinahusu makoa wala nyama, na baada ya tukio la tatu nilibaki na kichefuchefu tu, bila hofu. Ukiviweka vyote mezani, The Rats ndicho pekee ambacho ukiondoa wanyama bado unabaki na mji na watu wake.

Filamu yake, iliyotengenezwa Kanada na kutoka mwaka 1982 kwa jina la Deadly Eyes, haifai kununuliwa isipokuwa kwa kucheka. Watengenezaji waliwavika mbwa wadogo wa miguu mifupi mavazi ya panya, na mtazamaji akishajua hilo hawezi tena kuona kitu kingine, hasa pale mikia inapotikisika kwa furaha katikati ya mauaji.

Msomaji wa Morogoro anaweza kukipinga kitabu kizima kwa neno moja, nalo ni Magawa. Huyo alikuwa panya buku aliyezaliwa Tanzania na kufunzwa na shirika la APOPO, lenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kunusa mabomu ya ardhini, akapelekwa Kambodia na kuifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Mwaka 2020 shirika moja la hisani la Uingereza lilimtunukia medali ya dhahabu ya ushujaa, nchi ileile ambayo Herbert aliijaza panya wa kuogofya, na panya mkubwa kama paka akapigwa picha akiwa na nishani kifuani. Nilimwonyesha binti yangu picha hiyo asubuhi baada ya ule usiku wa chandarua. Aliuliza kama panya huyo naye anauma. Nilimjibu kwamba ameajiriwa.

Kwa jumla nakipa kitabu hiki nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa ajili ya Harris na vile visiwa. Kinamfaa anayependa riwaya zetu za upelelezi za mwendo wa kasi, aliyezoea kukaa macho na Willy Gamba hadi saa nane za usiku, na ambaye hatakerwa na Kiingereza cha mitaani cha London ya zamani. Hakimfai mtoto wa shule, wala mgonjwa wa presha, wala mtu anayelala chumba cha chini karibu na jalala. Kwa aliyekipenda kuna viwili vinavyokifuata, Lair cha mwaka 1979 na Domain cha mwaka 1984. Cha pili kinaanza kwa mabomu ya nyuklia kuiangukia London, na hapo panya wanapata jiji zima.

Wiki iliyopita nilipita tena kwa yule muuzaji kuuliza kama anavyo hivyo viwili. Hakuwa navyo. Alitaka kujua tu kama kile cha panya nilikimaliza, nami nilipomwambia nilikimaliza na sasa nimemwazima jirani, aliinama, akavuta kutoka chini ya turubai kitabu kingine kilichokunjamana, chenye kaa jaladani. "Hiki nilikuwekea," alisema. "Lakini sasa ni elfu tano, kaka."